Nilivyompangusa Mama Mkwe Krimu

Wasee, leo nimejianika mbele ya mama mkwe. Hata bado si mama mkwe rasmi!

Mnajua mimi ni fundi wa stima hapa Makina. Mamake Nekesa, mpenzi wangu, hajawahi kuniamini. "Huyo anacheza na takataka," husema. Leo ilikuwa bathdei yake kule Gatina, na baada ya keki angesema kama wazee wetu wanaweza kwenda kuongea mahari. Nikaamua kumwonyesha ufundi: kimeza cha kuzungusha keki polepole, kwa mota niliyotoa kwa printa iliyokufa, na bodi ndogo ya kuiendesha yenye kidude cha spidi.

Mota imeandikwa volti tatu. Mimi mwerevu (eti) nikachomeka chaja ya simu. Volti tano! Nikajua hata nimezidisha.

Keki ikawekwa. Nikawasha. Ngrrrr! Haizunguki, inatetemeka tu kama mtu wa malaria. Nikakaza kidude cha spidi hadi mwisho. Ngrrrr! Watu wa kanisa lake, waliokuja na pasta wao, wakaanza kuangaliana.

Nikampigia Otieno, fundi mwenzangu.

"Wee! Hizo tatu ni za waya za ndani tu. Si uko na bodi inayozuia stima isizidi? Ipe volti nyingi mota ipate nguvu. Haitaungua!"

Shemeji, kakake Nekesa, akaleta chaja ya laptop, volti kumi na tisa. Nikachomeka. (Kile kidude cha spidi nilikirudisha chini? Thubutu!)

Woi! Keki ilizunguka ikakosa adabu. Krimu ikaruka kwa pazia, kwa pasta, halafu pap! Usoni mwa mama.

Sasa sikizeni. Kwetu Waluhya, mama mkwe hata mkono humpi. Unamsalimia kwa mbali, macho chini. Mimi kwa hofu nikaruka na kitambaa, nikamshika kidevu, nikaanza kumpangusa mashavu kama mtoto wa nasari!

Nekesa akafunika macho.

Mama akalamba mdomo taratibu. "Kijana, wazee wako waje haraka."

"Mama?"

"Umeshanishika mashavu mbele ya pasta. Nikikukataa, nitasema wewe ulikuwa nani?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, vigelegele juu. Nimefurahi karibu nilie!

Sasa nisaidieni. Babangu amepiga simu anauliza nilitumia maneno gani mama akakubali upesi hivyo. Nimwambie nini?