Chuo Chenye Geti la Daraja la Kwanza

Ofisi ya Kuelekeza Uchaguzi wa Vyuo inayo heshima kuutangazia umma kwamba kuanzia mwaka huu hakuna mwanafunzi atakayekosea chuo. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mkurugenzi, na tangazo hilo nililiandika kwa mkono wangu.

Zamani watoto walichagua ovyo. Huyu alifuata kozi, yule alimfuata binamu yake. Sisi tukaleta kigezo kimoja kinachopimika: geti. Wakaguzi wangu walizunguka vyuo vyote na futi kamba, wakapima urefu, wakahesabu nondo, wakaandika jinsi mlinzi anavyopiga saluti. Ndani hawakuingia. Ndani ni kazi ya Idara ya Majengo, na sisi hatuna tabia ya kudandia kazi za wenzetu.

Chuo cha Upeo kiliongoza kwa mbali. Geti lake ni la umeme, mita tano kwenda juu, na lina simba wawili wa rangi ya dhahabu. Mwanangu mwenyewe nilimwandikisha huko.

Siku ya mwisho ya kugongea mihuri fomu za wanafunzi akaja binti mmoja na baba yake, fundi wa kuchomelea, mikono imejaa makovu ya cheche. Binti alitaka kusomea umeme katika chuo cha ufundi kilicho nyuma ya stendi. Mwaka uliopita tuliikataa fomu yake kwa kuwa aliijaza kwa wino wa bluu. Safari hii wino ulikuwa mweusi, na umri wake ulikuwa unamruhusu kujiunga mwaka huo tu.

Nikafungua orodha. "Hicho chuo kina geti?"

"Hakina, mheshimiwa," binti akajibu. "Kina ua wa michongoma. Ila karakana ipo, na walimu wapo."

"Mwanangu, chuo kisicho na geti utaingiaje?"

"Nitapita tu. Juzi nilipita."

Nikamsogezea fomu ya Upeo. Baba yake akakohoa.

"Mzee, lile geti nimelichomelea mimi. Na ukuta nimeuona wote. Ndani hamna kitu. Majani matupu."

"Majani ya aina gani?" nilimuuliza, maana sisi tunafanya kazi kwa takwimu.

"Ya ng'ombe, mzee."

Nikamfafanulia kwa upole kwamba ubora hupimwa kutokea mbele. Binti akaanza kulia. Roho iliniuma kidogo, lakini saa kumi ilikuwa imefika, nikafunga dirisha.

Mwezi uliofuata waziri akaja kuzindua Upeo. Utepe ukakatwa, mlinzi akapiga saluti, simba wakaachana katikati. Mbele yetu kulikuwa na majani hadi ukutani. Ng'ombe mmoja akainua kichwa kututazama, na wapiga picha wakafanya kazi yao.

Waziri hakutetereka hata chembe. "Chuo hiki kimepungukiwa na kitu kimoja tu," aliwaambia waandishi. "Mkuu wa chuo." Kisha akanigeukia. Barua yangu ya uhamisho ilitoka kabla ya chakula cha mchana, ina muhuri.

Sasa ni muhula wa pili. Nina meza, kiti na mlinzi. Mwanangu alifika siku ya kwanza, akachungulia, akageuza. Yuko kule kwenye michongoma, na anasema binti wa fundi anawaburuza darasa zima. Mkuu wao alimpokea binti huyo bila muhuri. Alipita tu.

Jana geti liligoma nikiwa ndani. Mlinzi alinipigia saluti kutokea nje, akaenda kutafuta fundi umeme. Alirudi na yule binti, bisibisi mkononi.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Fungua, binti yangu, niko hapa tangu asubuhi."

"Nitafungua. Jaza fomu kwanza." Akanipitishia karatasi katikati ya nondo.

Nilijaza kila mstari, nikamrudishia. Aliisoma taratibu mpaka chini, halafu akatikisa kichwa.

"Wino wa bluu, mkuu," akasema, akaangalia saa yake. "Na saa kumi tunafunga."