Helmeti ya Magunzi

Jumapili, 4 Agosti 2024
Gervas amerudi Masasi na helmeti ya mashindano. Ina mkia nyuma kama kambale. Kaivaa mpaka kanisani! Ametangaza mbele ya watu kwamba siku ya Nanenane, mbio za baiskeli kutoka Mkomaindo hadi sokoni Newala, ataniacha mpaka niisahau sura yake. Nimemwambia hiyo sura najitahidi kuisahau siku zote. Tukawekeana dau: atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo, hadharani, mwaka mzima. Nimwamkie Gervas! Tuliyeingia naye jando msimu mmoja! Bora nife.

Jumatatu, 5 Agosti
Nimetafakari. Upepo ukiingia mbele lazima upate mlango wa nyuma wa kutokea, kama mgeni aliyechokwa. Nimetoboa helmeti yangu ya zamani matundu mapana kwa chuma cha moto, mbele na nyuma. Nimeijaribu mteremkoni. Kichwa baridi kama mtungi! Kasoro ndogo: inapiga filimbi. Mbwa wamenisindikiza hadi mlangoni. Mke wangu Veridiana kauliza kama nimeanza kuuza barafu. Wivu.

Jumanne, 6 Agosti
Kasoro nyingine. Kwenye tambarare matundu yanakamata upepo, yananirudisha nyuma. Dawa nimeipata jikoni: magunzi ya mahindi! Tambarare naziba, helmeti inateleza kama yai. Mlimani mwendo ni mdogo, nachomoa, kichwa kinapumua. Veridiana kasema sasa nafanana na kibuyu cha togwa. Wagunduzi wote wana wake.

Alhamisi, 8 Agosti (Nanenane)
Ushindi! Niandike kwa utaratibu.
Tambarare nilipaa. Gunzi moja tu lilidondoka. Gervas nyuma kabisa, na mkia wake.
Kisha mlima wa kupandia Newala. Nikavuta gunzi. Halitoki! Yote yamelowa jasho, yamevimba. Kichwa kinachemka. Kuvua helmeti ni kuondolewa mbioni. Gervas akanipita, akauliza kama ugali umeiva. Nikaanguka majanini.
Akaja mbuzi wa Mama Stamili, muuza mihogo ya kuchoma. Akanusa. Magunzi yenye chumvi! Akang'oa moja, akatafuna, akarudia jingine. Mama Stamili akapiga yowe kwamba mbuzi wake anamla mtu. Nikamsihi: shikamoo mama, mwache amalize!
Nikapanda na kichwa baridi. Juu barabara ikanyooka, upepo ukaingia, helmeti ikapuliza. Gervas, mbele yangu, akadhani ni filimbi ya trafiki. Akasimama pembeni, akashuka, na bila kugeuka akaanza kujieleza kwamba breki alikuwa azitengeneze kesho. Nikampita nikimpungia mkono.
Sokoni, mbele ya umati wote, akanong'ona shikamoo. Nikasema sijasikia. Akarudia. Marahaba, mwanangu!

Jumamosi, 10 Agosti
Shikamoo nyingine leo, dukani. Haichoshi.
Gervas ameomba marudiano: safari hii atakayeshindwa ataamkia mpaka mtoto wa mwenzake. Wa kwake bado ananyonya. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.
Veridiana anataka tumpelekee mbuzi majani ya shukrani. Mbuzi! Huu ni ushindi wa elimu ya upepo. Mbuzi alikuwa mtazamaji. Mimi kasoro niliyoiona ni ile ya gunzi kudondoka tambarare. Nimeshaitibu. Magunzi mapya nimeyaloweka kwenye ndoo tangu jana, yanenepe, yakae imara.