Kamati ya Kuoanisha Nyimbo na Maandiko Yamzika Bogonko

Natangaza kwa heshima kwamba kanisa letu, lililo juu kidogo ya kituo cha kupimia majani chai upande wa Kapkatet, sasa lina Kamati ya Kuoanisha Nyimbo, Maandiko na Mada. Zamani hali ilikuwa ya kusikitisha. Mhubiri alisoma neno, neno likamkumbusha mtu wimbo, mtu akauanzisha palepale alipoketi, na kabla ya mahubiri kila mmoja alikuwa ameshajua ibada inahusu nini, bila kibali cha mtu yeyote.

Katibu wa Kamati ni mimi. Niliteuliwa kwa kuwa nina cheti cha ngumbaru, na Mwenyekiti, Mzee Kimutai, alisema kwamba mama aliyejua kusoma akiwa na miaka hamsini na mmoja hawezi kuwa na maoni.

Mwenyekiti alitunga kanuni mwenyewe. Mada ya kila robo mwaka huichagua yeye. Somo hufuata mada, nalo husomwa lote bila kukatwa. Hiyo ilitungwa baada ya mgeni rasmi mmoja kusomewa nusu ya baraka zake, akanuna. Wimbo baada ya somo sharti ujibu maneno ya somo, na Mwenyekiti ndiye huuanzisha.

Mada ya robo hii ni "Wachungaji Wetu". Kamati ilifafanua kwamba wachungaji hao si wahubiri bali ni viongozi, hususan Mheshimiwa, ambaye ameizindua zahanati yetu mara tatu. Zahanati hiyo ina mawe matatu ya msingi. Mlango bado.

Ndipo Bogonko, jirani yangu, alipojikata muundi kwa panga la kupogolea chai. Kidonda kiliingia uchafu. Siku ya kwanza alipelekwa zahanati, akakuta mawe. Siku ya tano alipakiwa kwenye pikipiki kwenda hospitali, akafika amechelewa. Mheshimiwa alipopata habari za msiba alihuzunika, akauliza kama kutakuwa na kipaza sauti. Kamati ikaamua kwamba mazishi yaafiki mada.

Mjane, Nyakerario, ambaye nimechuma naye chai miaka mingi, alikuja mbele ya Kamati na ombi moja.

"Mzee, ni wimbo mmoja tu. Ule wa kondoo aliyepotea. Bogonko aliuimba kila asubuhi akiingia shambani."

Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba wimbo huo una kasoro ya kiutawala. "Kondoo akipotea, mama, watu watauliza mchungaji alikuwa wapi."

"Alikuwa wapi?"

Mwenyekiti aliniagiza nisiliandike swali hilo katika kumbukumbu. Badala ya wimbo wake, Nyakerario aligawiwa pambio la ushindi lenye makofi. Aliinuka, akajifunga leso upya.

"Haya. Nyinyi mwimbieni Mheshimiwa. Wangu nitamwimbia huko kwenye chai."

Likabaki somo. Mwenyekiti alifungua Biblia, akapitisha kidole juu ya vichwa vilivyochapwa kwa herufi kubwa, hadi katika kitabu cha nabii mmoja akakuta kichwa kuhusu wachungaji wa Israeli. Akagonga ukurasa, akasema ni hapo hapo. Nilipendekeza tusome na yaliyo chini yake. Alisema kichwa kinatosha, na kwamba miwani yake iko nyumbani, mahali ambapo imekuwa tangu nimjue. Msomaji ningekuwa mimi, ili Mheshimiwa aone matunda ya darasa la ngumbaru, ambalo pia alikuwa amelizindua.

Nililisoma somo nyumbani mara nne, kama Mwalimu Rebeccah alivyotufundisha darasani humo. Nikaridhika kwamba linaafiki mada.

Siku ya mazishi Mheshimiwa aliketi kwenye kiti chenye mto. Nikasoma. Nabii anawauliza wachungaji kwa nini wanakunywa maziwa na kuvaa sufu huku kondoo wakikonda. Mheshimiwa aliacha kuitikia kwa kichwa. Nabii anasema wagonjwa hawakuwatibu, na waliojeruhiwa hawakuwafunga vidonda.

"Mlango," mtu alisema polepole nyuma ya hema. Hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alinivuta sweta. "Mama Dorcus, inatosha. Sema amina."

"Mzee, kanuni hairuhusu kukata," nilimjibu, nikageuza ukurasa. Yalikuwa yamebaki mengi, pamoja na pale ambapo Mungu anaahidi kuwanyang'anya wachungaji hao kundi na kumtafuta yeye mwenyewe kila aliyepotea.

Nilipomaliza, nilikumbusha kwa heshima, kupitia kipaza sauti, kwamba wimbo sharti ujibu somo. Pambio la ushindi halina kondoo hata mmoja. Katika kitabu chetu cha nyimbo, kondoo aliyepotea yumo katika wimbo mmoja tu, na wa kuuanzisha alikuwa Mwenyekiti.

Mheshimiwa alimtazama Mwenyekiti. Waombolezaji nao walimtazama. Akaanza kwa sauti ya bawaba yenye kutu. Hakufika mstari wa pili. Nyakerario aliupokea wimbo huo, wachumaji wakampokea yeye, na Bogonko akateremshwa kaburini kwa wimbo aliokuwa akiingia nao kwenye chai. Mheshimiwa, aliyekuwa na hotuba ya dakika arobaini, alikumbuka msiba mwingine kule Siongiroi.

Jumatatu Kamati iliketi kuchunguza hujuma hiyo. Nilisoma kumbukumbu: mada aliichagua Mwenyekiti, somo alilichagua Mwenyekiti, kanuni alizitunga Mwenyekiti, wimbo aliuanzisha Mwenyekiti. Mjumbe mmoja aliuliza kama alikuwa amelisoma somo hilo. Alijibu kwamba alisoma sehemu iliyo katika herufi kubwa.

Kamati ikafunga uchunguzi. Mimi, kama Katibu, nimemwandikisha katika darasa la Mwalimu Rebeccah, Jumanne alasiri, benchi la mbele. Herufi kubwa anazijua. Ataanzia kwenye ndogo.