Stika za Homa na Kuku Wangu

Alhamisi, 3 Julai
Shemeji Brightson kaja kutoka Kurasini na katoni ya stika. Mwenye mzigo kaukataa, yadi ya makontena ikawagawia wafanyakazi. Stika laini, nyembamba kama ganda la kitunguu, na ndani yake mna betri! Unaikunja, inakunjika. Ukiibandika mwilini inapima joto. Pakiwa na homa kinawaka kitaa chekundu. Maelezo yote Kichina. Juu kuna picha ya mtoto mchanga. Mke wangu Auleria kasema basi hizi ni za watoto. Nikamwambia picha ni urembo tu, mbona hata sabuni ina mtoto?

Mie nimeona mbali. Kuku! Mimi na jirani Mashaka tunafuga kuku wa nyama ukuta kwa ukuta, lakini Mbagala nzima inanunua kwake. Sasa wangu watakuwa wamepimwa homa. Tuone.

Ijumaa, 4 Julai
Nimetundika bango: KUKU WALIOPIMWA. Mashaka kapita, kasoma, kauliza wamepimwa nini, kimo? Wivu huo! Auleria kaomba stika chache. Nikampa, sikuuliza za nini. Mwenye biashara haulizi vitu vidogo.

Jumamosi, 5 Julai
Kubandika stika chini ya bawa la kuku si kazi ya binadamu. Nimekwaruzwa mpaka sikioni. Halafu, balaa! Hata sijafuta jasho, kila kuku akipiga bawa, nyekundu! Banda zima lina homa! Nikatoka mbio kuutangazia mtaa. Nikaongeza kwamba ugonjwa bila shaka umerukia kutoka kwa Mashaka. Kwa nini nikaongeza? Sijui. Mdomo ulikuwa umeshashika kasi.

Elinaza wa chipsi kavunja oda zote, zangu na za Mashaka. Mashaka kaja ukutani. Hakufoka. Bora angefoka.

“Gozbert,” kasema, “nyumba yangu inakula kwa kuku hawa.”

Kisha akaingia ndani.

Jumapili, 6 Julai
Baada ya misa nikamleta daktari wa mifugo, dada mmoja anaitwa Lusungu. Kashika kuku, kaangalia stika, kacheka mpaka kakalia ndoo. Kumbe joto la kawaida la kuku, kwa mtu ni homa kali! Kaniambia kuku wangu wazima kuliko mimi, ila niwabandue stika upesi. Kweli, walishaanza kudonoana, maana kuku akiona kitu chekundu hana adabu.

Akaniamuru nikamsafishe Mashaka jina. Nimepita mlango kwa mlango. Elinaza kaniuliza kama mwenyewe nimeshapimwa. Oda kazirudisha, zote kwa Mashaka. Nikamsalimu Mashaka. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kulisha kuku wake.

Jumanne, 8 Julai
Leo sina utani. Kumbe zile stika chache Auleria aliwapelekea wenye watoto wachanga, na moja akambandika mjukuu wa Mashaka, kitoto cha binti yake Salma. Mchana kitoto kimelala kimya, Salma anafua, anaona usingizi mzuri. Alipokwenda kukifunika, taa inawaka. Wamekimbia zahanati, yeye na Auleria. Malaria, imeshikwa mapema. Dawa imeanza, na jioni kitoto kimenyonya.

Auleria kanisimulia huku anamenya ndizi. Hakusema “nilikwambia”. Nikatoka nje kidogo. Macho yaliingiwa na vumbi. Mbagala ina vumbi.

Alhamisi, 10 Julai
Kabla sijanywa chai, Mashaka mlangoni.

“Jirani, mjukuu kaamka anacheka.”

Nikamwambia shukrani zote ni za Auleria. Kajibu anajua, kashamshukuru tangu jana. Kwangu kaja kusema yaishe. Tukashikana mikono. Sikuachia upesi, naye hakuachia.

Auleria sasa anagawa stika kwa kina mama wa mtaa mzima. Wanamwita daktari. Nimefurahi, kweli kabisa, furaha ya moyoni.

Ila nimeficha chache. Nimewaza sana leo. Stika hazikuwa na kosa. Kosa ni kuku! Mnyama gani anakaa na joto lile? Anatakiwa mnyama wa baridi. Bata! Bata anashinda majini, atapata wapi joto? Banda lipo. Lusungu simuulizi, atacheka bure. Mashaka hafugi bata.

Kesho naandika bango.