Kibali cha Kuzika Kondo

TANGAZO KWA UMMA. Kuanzia tarehe mosi Agosti 1998, hakuna kondo la nyuma litakalozikwa katika kata ndogo hii bila kibali cha Idara ya Makondo. Mzazi atajaza fomu nakala tatu, aambatanishe picha mbili za kondo, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kisha asubiri siku kumi na nne za kazi.

Tangazo hilo tukufu lilibandikwa kwa uji wa muhogo kwenye mlango wa ofisi ya naibu wa chifu, hapa kwetu Msambweni. Nilikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, nikalisoma kwa heshima zote. Watu hawakushangaa. Mzee Chirau, naibu wa chifu, alikwisha kudai kibali cha kukata mnazi na cha kupiga ngoma. Kondo lilikuwa limechelewa tu. Yeye mwenyewe alisimama barazani akasema, "Sheria hii naijua. Tuliipitisha kwenye mkutano wa Kwale. Nilikaa kiti cha mbele."

Siku ya tatu, mkewe Sumaiya akajifungua mtoto wa kiume. Adhuhuri mamake Chirau, Bi Khamisa, aliingia ofisini na chungu kilichofunikwa leso, akakitua juu ya mafaili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kondo la mwanao hili. Yenu nyote saba yamo uani kwangu, na hili litalala papo hapo kabla jua halijatua. Likichimbuliwa na mbwa, au likiangukia mkono wa mtu mbaya, utamkinga mjukuu wangu kwa fomu?"

"Mama, sheria ni msumeno. Bila mhuri wa Idara, halizikwi."

"Uko wapi huo mhuri?"

"Kwale. Niliuona mkutanoni kwa macho yangu. Wa shaba, mzito."

Inzi wakaanza kukikagua chungu. Bi Khamisa akaketi sakafuni, akajifuta macho kwa upindo wa buibui. Mimi nilikuwa dirishani, nimekuja kucheka. Kicheko kikanikauka. Nikakimbia nyumbani, nikarudi na mhuri.

Ulikuwa kiazi kitamu kilichochongwa kwa wembe. Kilikuwa kimeshaota majani mawili.

"Ni mimi, bibi," nikasema. "Tangazo, fomu, Idara. Yote mimi."

Bi Khamisa alikitazama kiazi, kisha mwanawe. "Hii ndiyo shaba ya Kwale?"

Chirau akakohoa. "Mama, pengine ule mwingine..."

"Sheria ni msumeno, mwanangu. Shimo lataka jembe. Lichukue."

Alichimba mwenyewe, na sare na kofia yake, majirani wakichungulia uani, mamake akimsimamia: "Ongeza kina! Wapanda kunde?"

Mimi nilihukumiwa kuula mhuri, mbichi, na wino wake. Tena Mzee Chirau ameniamuru nikiri kwa maandishi, nakala tatu, bila kuutaja mkutano wa Kwale. Nimejitahidi. Nakala ya kwanza nimempa yeye, ya pili Bi Khamisa. Ya tatu iko mlangoni pa ofisi, kwa uji wa muhogo.