Sensa Sita na Matikiti ya Mama Mkwe

Jumamosi, 15 Februari 2025

Leo nimeanza kulinda shamba la mama mkwe kisayansi. Mama Maka amelima matikiti kando ya mto Tana, nje kidogo ya Garissa. Ramadhani inakaribia, na matikiti haya ndiyo tegemeo lake la mwaka. Nyani nao wanayategemea. Shemeji Guleid, kaka ya mke wangu, anataka tuzungushe miiba. Miiba! Zama hizi! Mimi nimeleta sensa sita. Hazina waya. Kila moja hutazama upande mmoja tu, kama tochi, na kitu kikipita mbele yake simu yangu hulia. Mama Maka aliposikia neno sensa alidhani serikali imekuja kuhesabu watu. Nilipomweleza, akauliza, "Kadar mwanangu, zinauma?" Nikasema haziumi. Akasikitika waziwazi.

Jumapili, 16 Februari

Simu imelia kutwa. Mbuzi wa Guleid. Kisha Guleid mwenyewe, amesimama mbele ya sensa akipunga mkono. Nikiwa nabishana naye, nyani wakaingia upande wa mto. Kumbe sensa tatu zilikuwa zinautazama mgunga mmoja, na mtoni hakuna hata moja. Kosa dogo la pembe.

Jumanne, 18 Februari

Nimezigeuza. Mto umefunikwa, lango liko wazi. Nikifunika lango, kona ya migomba iko wazi. Blanketi fupi hili! Ukilivuta kichwani, miguu nje. Hinda, mke wangu, kaniletea chai na kuuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema nyani wameshakula. Mke ana ulimi huyu!

Alhamisi, 20 Februari

Ushindi! Asubuhi nzima juani, lakini nimepata mkao. Kila sensa na kipande chake, hakuna pengo popote. Nilifurahi hadi adhuhuri. Ndipo jirani yetu Qali akaja na fimbo. Sensa ya migomba inaelekea mahali anapoogea! Nikamweleza kwamba haipigi picha, inahisi mwendo tu. Akasema, "Wallahi, hata mwendo wangu haukuhusu!" Mama Maka alicheka mpaka akakaa chini. Nimeigeuza.

Ijumaa, 21 Februari

Nyani wamepitia kwenye migomba. Kundi zima! Mimi niko msikitini, simu nimeizima kwa heshima. Niliporudi, Mama Maka alikuwa katikati ya shamba akipiga sufuria, Guleid akirusha madongoa, Hinda kakunja dera akipiga mayowe. Nikavua viatu nikajitosa. Nikamkimbiza dume mmoja. Akageuka. Nikakimbizwa mimi. Guleid akaruka katikati yetu na tawi la miiba, na dume akaghairi.

Tumeokoa zaidi ya nusu. Nilikaa pembeni, sina uso wa kumtazama mtu. Mama Maka akapasua tikiti, akanikatia moyo wake, ule mwekundu kabisa. Akasema, "Kula. Marehemu baba yake Hinda alikuwa hivihivi, na nilimpenda sana." Guleid akalalamika kwamba yeye ndiye aliyepigana na nyani. Akaambiwa asubiri zamu yake. Shemeji huyu nampenda, ingawa sitamwambia.

Jumapili, 23 Februari

Jana tumezungusha miiba. Nimekata mingi kuliko Guleid; yeye anakana. Leo hajaonekana nyani hata mmoja, na lori limeondoka na matikiti. Mama Maka ametuombea dua sote. Nikazing'oa sensa zangu na kuzifuta vumbi.

Mchana nikampigia simu abti Abdilatif, mjomba wangu wa Liboi mwenye ngamia wengi. Nikamwambia tangu nilete sensa, nyani wamekwisha shambani. Jambo ambalo ni kweli. Amefurahi mno, anasema fisi wanamsumbua, nije haraka. Nasafiri kesho.

Hinda kaniuliza: shamba lililotulia mahali pamoja limenishinda, sembuse ngamia wanaotembea?

Swali zuri. Nitazifunga shingoni mwa ngamia.