Dokta wa Makandida

Zorobabel alikuwa anakunywa chai ya bure dukani kwa Mama Berthe, katikati ya Butembo, siku alipoisikia sauti ya franga, yaani pesa, ikimwita. Sauti yenyewe ilikuwa ya Mama Berthe, akipiga teke furushi la vikwembe.

“Angalia hii kichwa,” alisema Mama Berthe. Kwenye kitambaa kulikuwa na sura ya mheshimiwa mmoja, anacheka meno yote nje. “Balo tatu nzima! Nilicommander kiwandani kule Guangzhou mapema, nikasema huyu njo chama chake kitamusimamisha kwa urais. Siku ya kongre, mukutano wa chama, bakamuacha, bakakamata mwingine. Sasa nani atavaa sura ya mutu mwenye aliachwa?”

“Pole sana, mama. Na unazifanyia nini?”

“Napanguzia simenti hapa chini.”

Zorobabel akaweka kikombe chini polepole. Yafaa tumjue huyu bwana kabla hajasimama. Alikuwa amewahi kuuza visa za Canada kwa watu ambao Canada haikuwa na habari zao, na mbegu za kabichi zilizoota kila aina ya majani isipokuwa kabichi. Alilala Beni na kufanya kazi Butembo, kilomita hamsini na kitu, kwa sababu mwanaume mwenye heshima zake hadanganyi watu atakaokutana nao bombani kesho asubuhi.

Nyumba yake ya Beni ilikuwa na kuta nzuri na paa la plastiki lililokandamizwa kwa mawe. Mkewe, Nadège, alikuwa amemwambia mara moja tu: “Mvua ya mwezi wa ine ikinikuta chini ya hii sachet, naenda kwetu Mutwanga.” Nadège hakuwa mtu wa kurudia maneno. Na Zorobabel alimpenda mke wake kwelikweli. Kwa hiyo alihitaji mabati arobaini, manjanja kama tunavyosema huku, na alihitaji upesi.

Juma lile lile akanunua koti la kijivu na bahasha za kaki, akaanza kujiita Dokta wa Pronostic, mtabiri wa makandida. Aliwaendea wafanyabiashara ishirini na wanne, mmoja mmoja, mlango umefungwa nusu. Aliwaambia ana ndugu Kinshasa anayepiga pasi suti za wakubwa wa vyama vyote, na kwamba mtu anayepiga pasi suti ya kongre hujua nani ataivaa.

Chama cha Jembe kilikuwa na watu watatu wanaotaka kusimama kwa urais. Zorobabel akagawa bahasha ishirini na nne, bure kabisa: nane zenye jina la wa kwanza, nane la wa pili, nane la wa tatu. “Hapana kufungua mbele ya mutu,” aliagiza. “Hata bibi yako asijue.” Kongre ikafanyika, Jembe wakamchagua wa pili, na watu wanane wa Butembo wakalala wakiwaza koti la kijivu. Wale kumi na sita waliobaki aliwapa pole. Alisema ndugu yake alikuwa amepiga pasi suti mbili siku moja, akachanganya.

Kisha zamu ya chama cha Taa, chenye wawili tu wanaogombania nafasi. Bahasha nane kwa wale wanane, dola hamsini kila moja, nne jina hili, nne jina lile. Taa walipochagua, Zorobabel alifanya jambo ambalo halijapata kuonekana pale sokoni: aliwaendea wale wanne aliowapa jina baya akawarudishia hamsini zao. Mmoja wao alitokwa machozi.

Wakabaki wanne ambao Dokta hakuwa amewakosea hata mara moja. Miongoni mwao alikuwemo Mama Berthe, ambaye tayari alikuwa anaota balo mpya, na Papa Syauswa, muuza mabati, aliyetaka kumjua kandida wa chama kikubwa, chama cha Mzinga, ili awe rafiki yake kabla hajawa na marafiki wengi. Mzinga walikuwa na watu wanne wanaoutaka urais. Wateja wanne, majina manne, dola mia tatu kila bahasha, zimelipwa mbele. Mmoja angepata na watatu wangelia, lakini wakati huo Dokta angekuwa Beni chini ya paa lake, anasikiliza mvua kwa raha.

Hesabu ilikuwa safi. Likawa limebaki jambo moja tu, kununua mabati, na depo ya Papa Syauswa ilikuwa imefungwa kwa ajili ya Pasaka.

Jumamosi asubuhi, mkesha wa Pasaka, alipita kwa motari, pikipiki ya kukodi, mbele ya parokia moja ya Butembo, kule Bulengera, akaona kitu kilichomfanya amguse dereva begani asimame. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu wenye fagio. Mama Berthe alikuwepo. Papa Syauswa alikuwepo, suruali imekunjwa hadi magotini. Alihesabu haraka: wateja wake wote ishirini na wanne walikuwa pale, wakifagia kimyakimya, na Padri Ananie amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatazama mawingu.

Alikaribia kumwambia dereva ageuze. Lakini hakuna aliyekuwa anapiga kelele, hakuna aliyekuwa ameinua jiwe. Watu waliogundua kitu hawashiki fagio kwa upole vile.

“Salongo?” aliita, maana huku salongo ni kazi ya usafi ya wote.

Mama Berthe aliinua kichwa, akamtazama kitambo. “Salongo, Dokta,” alijibu. “Karibu ufagie.”

“Mgongo, mama! Mgongo wangu!” Na Zorobabel akaenda zake akifurahi. Watu wa dini namna hii, alijiambia, ni neema kwa mji wowote.

Jumanne akaingia kwenye depo ya Papa Syauswa, franga mfukoni, akataka mabati arobaini. Yalikuwa yamepangwa pale ukutani, mapya, yanang'aa, na alikuwa ameshapitisha kidole juu ya moja aliposikia mlango unafungwa. Mama Berthe alikuwa ameingia.

“Manjanja utabeba kesho, Dokta,” alisema Papa Syauswa. “Ikala kwanza kwa kiti. Tuko na neno.”

Neno lenyewe lilikuwa hili. Papa Syauswa alikuwa na chama cha siasa. Ndiyo. Umoja wa Wachuuzi wa Mlimani, chama kilichokaa miaka mingi ndani ya droo, pamoja na risiti za saruji. Kilikuwa na katiba, stempu na mwenyekiti, kikakosa wanachama tu.

“Sasa batu ba Kinshasa bametupigia telefone,” Mama Berthe alieleza, sauti chini. “Banaogopa kila chama kidogo, juu kinakula sauti, zile kura za mukubwa wao. Chama chetu kikichagua kandida wa urais, banamupa ule kandida dola elfu makumi mbili na tano. Anajitoa, anasema namuunga mukono mukubwa, basi, kazi inaisha.”

Zorobabel alilijua soko hilo. Alikuwa amesikia habari za watu waliosimama Jumatatu na kujitoa Ijumaa, na Jumapili wakaenda kanisani na gari.

“Na nani anasimama?” aliuliza, kama mtu asiye na haja.

“Kuna mwalimu Kambere. Kuna Xavier wa duane, mutu wa forodha. Mais sisi tulikuwaza weye. Unasema muzuri. Uko na koti.”

“Caution, ile dhamana ya kandida, ni dola elfu moja na mia mbili tu,” aliongeza Papa Syauswa. “Njo sheria ya chama.”

Hapa mtu mwingine angejiuliza kwa nini sheria ya chama ilikuwa inaijua mifuko yake vizuri namna ile. Zorobabel naye alijiuliza, maana hakuwa mjinga. Alitazama mabati. Alimwona Nadège amekaa juu ya pikipiki, kifurushi mapajani, anaelekea Mutwanga. Halafu akaziona elfu ishirini na tano, akaona nyumba ya ghorofa, na Nadège dirishani juu.

“Nipeni siku mbili,” alisema.

Siku mbili hizo alizifanyia kazi ya kitaalamu. Wapiga kura wa kongre walikuwa ishirini na wanne, wale wale wateja wake, wote wamejiandikisha katika chama juma lile. Aliwaendea mmoja mmoja, mlango umefungwa nusu, akauliza: “Hapa katikati yetu, kongre itachagua nani?”

“Weye, Dokta,” alisema wa kwanza.

“Weye,” alisema wa pili, muuza misumari.

Wote ishirini na wanne walisema yeye. Hakuna hata mmoja aliyemtaja Kambere. Hapo ndipo moyo wa Zorobabel ulipotulia, kwa sababu kama kuna kitu alichokijua duniani ni uongo, na uongo, kwa jinsi alivyoufanya yeye maisha yake yote, lazima uwe na majina mawili, matatu, manne. Huu ulikuwa na jina moja tu. Kwa hiyo ulikuwa ukweli.

Ijumaa akatoa caution. Akapewa risiti yenye stempu tatu.

Kongre ilifanyika Jumamosi ndani ya depo, watu wameketi juu ya mifuko ya saruji. Mwalimu Kambere alijitoa kwa sababu ya afya, akiwa mzima kabisa. Xavier hakutokea. Zorobabel alipata kura ishirini na nne kwa sifuri, akapigiwa makofi, akatoa hotuba kuhusu barabara ya Beni iliyomliza hata yeye mwenyewe. Kandida ndiye anayelisha kongre, hiyo ni desturi, basi akalipa mbuzi wawili na bia. Kandida pia ndiye anayelipia picha, basi akalipa turubai kubwa, mita sita kwa nane, lenye sura yake, anacheka meno yote nje. Mfukoni zikabaki nauli za motari.

Kisha akakaa kungoja simu ya Kinshasa. Akangoja juma moja. Akangoja la pili, na mvua ya kwanza ikanyesha. Siku ya kumi na tano akaingia dukani kwa Mama Berthe, macho mekundu.

“Mama, hii simu iko wapi?”

“Chai?” aliuliza Mama Berthe.

“Kinshasa, mama!”

“Ee, Dokta. Tulikuambia kongre itachagua nani?”

“Mimi.”

“Na ilichagua nani?”

Zorobabel akatoa ile risiti ya stempu tatu, akaisoma.

“Basi pronostic ilikuwa ya kweli,” alisema Mama Berthe, akimimina chai. “Yako kila mara nusu ao zaidi ilikuwa bongo, uongo mutupu. Yetu ilikuwa moja tu, na ilipita.”

Zorobabel akaketi polepole juu ya furushi la yule mheshimiwa aliyeachwa. “Mulijua lini?”

“Samedi ya kufagia, ile ya mbele ya Pasaka.”

“Mais ile ilikuwa salongo!”

“Salongo gani? Ile ilikuwa malipizi ya dhambi.” Na Mama Berthe akamweleza kwa utulivu, kama anavyoelezwa mteja bei ya kitambaa. Kutafuta mambo ya kesho kwa mtu wa bahasha ni dhambi, kwao Wakatoliki ni kama kwenda kwa mganga, na Pasaka haiingiwi na dhambi. Kila mmoja wa wale ishirini na wanne alikwenda kuungama peke yake, juma takatifu, akidhani ni yeye tu. “Padri Ananie hapana kutuambia kitu. Siri ya maungamo anaichunga. Alimupa tu kila mutu malipizi ileile: samedi, saa moja ya asubui, fagio mukononi, uwanja wa kanisa. Tulifika, tukaangaliana. Papa Syauswa akaniuliza, mama, na weye ni bahasha? Tukafungua zote pale nyuma ya sakristia, majina ikakuwa mbalimbali.”

Zorobabel alikuwa mtu wa kanisa la uamsho, ambako dhambi husemwa kwa Mungu peke yake na kwa ufupi. Jambo la kuungama halikuwa limempitia akilini hata sekunde moja.

“Na ile elfu moja mia mbili?”

“Ilirudi kwa benye walikupa,” alisema Mama Berthe. “Kunywa chai, itapoa. Leo utalipa.”

Alifika Beni jioni, amelowa, turubai limekunjwa mgongoni, kwa sababu ndilo pekee alilobakiwa nalo. Nadège alikuwa amesimama katikati ya nyumba, sufuria tatu zinakinga maji. Hakuuliza mengi.

“Manjanja iko wapi?”

“Nadège, mi ni kandida wa urais.”

Nadège akamwaga maji ya sufuria moja nje ya mlango. Kisha akalikunjua turubai, akashika pembe yake, akalivuta kwa mikono miwili, akaona ni zito na halipitishi maji. Kesho yake asubuhi alipanda motari kwenda Mutwanga, na turubai akaenda nalo. Zorobabel alikaa siku nne chini ya plastiki. Ilimuuma kuliko alivyodhani kitu kinaweza kumuuma, na siku ya tano akamfuata, kwa miguu zaidi ya nusu ya njia.

Aliwakuta nyuma ya nyumba ya baba mkwe, Papa Kasonia, mzee ambaye miaka miwili alikuwa anatafuta turubai la kuanikia kakao. Sasa alikuwa nalo. Lilikuwa limetandazwa juani, na kandida wa Umoja wa Wachuuzi wa Mlimani alikuwa amefunikwa na kakao mpaka machoni. Nadège alitoka jikoni, akamwona mumewe, akarudi ndani. Akatoka tena na reki.

“Baba anasema utafanya kazi hapa mpaka kakao yote iuzwe,” alisema. “Franga nachunga mimi. Manjanja tutaenda kununua pamoja kwa ule papa wa Butembo, na mimi njo nitasema naye. Halafu nitarudia kwangu Beni.”

“Utarudia kweli?”

“Unaniuliza pronostic?”

Zorobabel akavua koti la kijivu, akapokea reki, akaanza kupindua. Papa Kasonia alitazama kidogo kutoka kwenye kiti chake, kisha akanyoosha fimbo.

“Rudia hapo kwa jicho la kushoto, mukwe,” alisema. “Hapo kunabakiaka bichi.”